Ngano ililimwa wapi, na ilitiwa dawa gani? Mwongozo kamili kwa mnunuzi wa nafaka za nje

Mfuko wa unga wa ngano uliosagwa Mombasa au Dar es Salaam huandikwa kwamba umetengenezwa Kenya au Tanzania, na maandishi hayo ni halali. Ngano iliyomo ndani yake, hata hivyo, huenda ililimwa kusini mwa Urusi, Argentina au Australia, kwa kuwa nchi zote mbili huagiza nje sehemu kubwa ya ngano zinayoila. Hakuna aliyemdanganya mlaji. Kiwango cha jumla cha Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa, CXS 1-1985, kinasema kwamba chakula kikichakatwa katika nchi ya pili kwa namna inayobadilisha asili yake, nchi hiyo ya pili ndiyo itakayohesabiwa kuwa nchi ya asili kwenye lebo. Kusaga ngano kuwa unga ni kubadilisha asili yake. Kwa hiyo lebo hueleza kinu kilipo, na shamba hubaki halijulikani.

Mwongozo huu umekusudiwa mnunuzi wa kati: mwokaji wa mikate, mwenye duka la nafaka, mzabuni wa chakula cha shule, chama cha akina mama kinachonunua magunia kwa pamoja. Mlaji wa kilo mbili kwa wiki ataona baadhi ya hatua zinamzidi uwezo, ila ile ya lebo na ile ya kutafsiri majibu ya maabara zitamfaa yeye pia.

Hatua ya kwanza: tenganisha maswali mawili

Watu wengi huuliza, "Ngano hii ni ya wapi?" wakitumaini kwamba jibu litawaambia pia kama ni salama. Nchi ya asili peke yake haisemi hivyo. Kinachosaidia ni kujua nafaka ilikutana na dawa za kuua wadudu, kuvu na magugu, yaani viuatilifu, mara ngapi, na mara hizo huwa tatu. Ya kwanza ni shambani, mmea unapokua. Ya pili ni siku chache kabla ya kuvuna, ambapo katika baadhi ya nchi zenye baridi mkulima hunyunyizia glifosati, dawa ya kuua magugu, ili magugu na mabua yakauke kwa pamoja na mashine ipite kwa urahisi. Ya tatu ni baada ya mavuno, ghalani na melini, na hii ndiyo ninayoiona kuwa nzito kuliko zote, kwa sababu dawa huwekwa juu ya punje zenyewe, wakati hakuna tena mvua wala jua la shambani la kuipunguza.

Nchi ya asili inakusaidia kukisia mara mbili za kwanza. Ya tatu hufuata njia ya mzigo, na njia hiyo hupita pia kwenye maghala yetu wenyewe.

Hatua ya pili: soma lebo kwa kile inachoweza kusema

Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, kinafuata mkondo wa Codex. Tafuta jina na anwani ya mtengenezaji au mwagizaji, nchi ya asili, tarehe, na namba ya toleo la uzalishaji. Katika hayo yote, namba ya toleo ndiyo yenye thamani kubwa kwako, maana bila hiyo msagishaji hawezi kujua unga wako ulitoka kwenye shehena gani hata akitaka kukusaidia. Iandike, au upige picha ya mfuko kabla haujatupwa.

Kuna imani iliyoenea kwamba tarakimu za mwanzo za msimbo wa mistari zinaonyesha nchi ya asili, yaani 616 kwa Kenya na 620 kwa Tanzania. Tarakimu hizo zinaonyesha tu kampuni ilisajili misimbo yake katika nchi gani. Kampuni iliyosajiliwa Nairobi inaweza kufungasha mchele wa Pakistan chini ya 616 bila kuvunja kanuni yoyote.

Mchele una nafuu kidogo kuliko unga, kwa sababu mara nyingi huingia ukiwa tayari kuliwa, na gunia la asili huwa na jina la nchi ulikolimwa. Nafuu hiyo hupotea pale mchele unapopakuliwa na kufungashwa upya. Mchele wa mapembe unaouzwa Zanzibar kwa kilo kutoka kwenye gunia lililo wazi hauna lebo anayoiona mlaji, lakini muuzaji anaweza kukuonyesha gunia lenyewe. Mwombe akuonyeshe kabla ya kupimiwa.

Nchi nyingine zimejaribu kuziba pengo hili, na matokeo yao yanafundisha. Italia, kuanzia Februari 2018, ililazimisha pakiti za tambi zitaje mambo mawili yaliyotenganishwa: nchi ngano ngumu ilikolimwa na nchi iliposagwa. Mjadala uliotangulia amri hiyo uligusa sana ngano ya Kanada na glifosati ya kabla ya mavuno, ambayo Italia yenyewe ilikuwa imeipiga marufuku mwaka 2016. Japani nayo ilirekebisha kanuni zake mwaka 2017 na kuzitumia kikamilifu kuanzia Aprili 2022, ikitaka kiungo kikuu cha kila chakula kilichochakatwa kitajwe asili. Lakini pale kiungo hicho chenyewe kimechakatwa, kama unga kwenye mkate, inatosha kuandika mahali kilipotengenezwa. Mjapani anasoma "unga wa ngano uliotengenezwa nchini", ilhali sehemu kubwa ya ngano ya Japani hutoka Marekani, Kanada na Australia. Hilo ndilo pengo lile lile tulilo nalo sisi, isipokuwa lao limeandikwa kwa herufi nadhifu zaidi.

Hatua ya tatu: omba karatasi za shehena

Asili ya kweli imo kwenye hati ambazo mlaji hazioni, na mnunuzi wa magunia hamsini ana haki ya kuziomba hata kama hana uwezo wa kumlazimisha msagishaji azitoe. Zinazofaa ni nne, ingawa hazina uzito sawa.

Cheti cha afya ya mimea, kinachotolewa na mamlaka ya serikali ya nchi inayouza, ndicho cha kwanza kukitafuta. Muundo wake umekubaliwa kimataifa. Kina nafasi ya kuandika mahali mmea ulipotoka, na chini yake kuna sehemu ya matibabu yaliyofanywa kwa mzigo: tarehe, kemikali, muda, joto na kiasi. Wengi hutazama mhuri tu na kukirudisha, wakati sehemu ya matibabu ndiyo inayokuambia uagize kipimo gani. Ikiwa ni cheti cha kusafirisha tena, fahamu kwamba mzigo ulipita nchi ya kati, na uombe nakala ya kile cha awali.

Cheti cha uasili wa bidhaa hutumika zaidi kwa mambo ya ushuru, nacho husaidia kuthibitisha nchi. Cheti cha ufukizaji huonyesha kama mzigo ulifukizwa kwa fosfini au kwa gesi nyingine, mara nyingi meli ikiwa safarini. Hati ya shehena ya meli ndiyo dhaifu kuliko zote kwa swali hili, kwa maana hutaja bandari ya kupakilia, na bandari si shamba: Novorossiysk ni bandari ya Urusi, lakini ngano ya Kazakhstan nayo hupita huko.

Kuna jambo moja ambalo hati zote nne hazitakuambia. Wasagishaji huchanganya ngano. Ngano ngumu yenye protini nyingi huchanganywa na laini iliyo nafuu ili unga uumuke vizuri bila bei kupanda, na mchanganyiko hubadilika kadiri maghala yanavyojaa na kuisha. Kwa hiyo usiulize unga wa kampuni fulani ni wa nchi gani. Uliza toleo fulani lilisagwa kutokana na shehena zipi. Barua inaweza kuwa fupi kama hii:

"Ndugu Meneja wa Ubora, tulinunua kwenu mifuko hamsini ya unga wa ngano, toleo namba (andika namba), tarehe (andika tarehe). Tunaomba kujulishwa nchi zilikolimwa ngano zilizosagwa kwa toleo hilo na uwiano wake wa makadirio, pamoja na nakala za vyeti vya afya ya mimea na vya ufukizaji vya shehena hizo. Aidha, tunaomba nakala ya majibu ya karibuni ya vipimo vya masalia ya viuatilifu, yakionyesha orodha ya viuatilifu vilivyopimwa na kikomo cha kipimo kwa kila kimoja. Wenu katika biashara."

Asiyejibu barua ya kwanza aandikiwe ya pili, nakala ipelekwe kwa wakala aliyekuuzia. Usisahau kwamba karatasi za aina hii hutolewa pale zinapotakiwa kweli: Kenya iliposimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda mwezi Machi 2021 kwa sababu ya sumukuvu, yaani aflatoksini, siku chache baadaye iliyaruhusu tena kwa masharti, yakiwemo waagizaji kusajiliwa, kila mzigo kuwa na cheti cha kiwango cha aflatoksini, na maghala kutambuliwa. Sumukuvu si kiuatilifu, na kipimo chake ni kingine, lakini mfano unaonyesha kwamba njia ya mzigo hufuatilika.

Hatua ya nne: geuza asili kuwa orodha ya dawa

Maabara haipimi "kemikali" kwa ujumla wake. Hupima majina uliyoyataja au yaliyomo kwenye orodha yake, na jina lisilotajwa halitaonekana hata likiwa limejaa kwenye sampuli.

Kwa ngano ya Kanada na ya majimbo ya kaskazini mwa Marekani, weka glifosati juu ya orodha. Kwa mchele wa India na Pakistan, hasa basmati, weka trisaiklazoli, kiuakuvu kinachotumika dhidi ya ugonjwa wa blasti ya mpunga. Umoja wa Ulaya ulishusha kikomo chake kutoka miligramu 1 kwa kilo hadi 0.01 mwishoni mwa mwaka 2017, na wauzaji wa basmati walilazimika kubadili mambo mengi mashambani. Kwa nafaka yoyote, ongeza klorpirifosi, dawa ya kuua wadudu ambayo Ulaya iliacha kuidhinisha mwaka 2020.

Kisha, bila kujali nchi, andika dawa za ghala: pirimifosi-methili, malathioni, deltamethrini, na fosfini. Msomaji wa huku anaijua ya kwanza bila kulijua jina lake, kwa sababu ndiyo iliyomo kwenye vumbi la Actellic linalochanganywa na mahindi dhidi ya dumuzi. Mdudu huyo, ambaye wakulima wa Tanzania walimbandika jina la Scania, asili yake ni Amerika ya Kati, na aligundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Inaaminika kwamba aliingia na mahindi yaliyoagizwa kutoka nje. Kwa hiyo nafaka ya nje haikutuletea masalia peke yake, ilituletea pia sababu ya kununua dawa.

Hatua ya tano: chukua sampuli itakayokubalika

Sampuli mbaya huharibu fedha zote za maabara. Dawa ya ghala haitawanyiki sawasawa. Gunia moja linaweza kuwa na mara kadhaa ya kilichomo kwenye la jirani, kutegemea koleo lilivyogeuza. Mwongozo wa Codex wa sampuli za masalia, CXG 33-1999, unataka vijisampuli visivyopungua 3 kwa mzigo ulio chini ya kilo 50, visivyopungua 5 kwa mzigo wa kilo 50 hadi 500, na visivyopungua 10 kwa unaozidi hapo, endapo mzigo haujachanganywa vizuri. Sampuli ya mwisho inayofika maabara iwe angalau kilo moja kwa nafaka.

Tumia bambo safi. Lichome juu, katikati na chini ya gunia, na uchague magunia kutoka pande zote za lundo, yakiwemo ya nyuma ambayo muuzaji angependa uyaache. Changanya vyote kwenye turubai au plastiki mpya, tandaza duara, gawa robo nne, ondoa robo mbili zinazokabiliana, changanya tena zilizobaki, rudia mpaka zibaki kilo tatu hivi. Zigawe mara tatu: moja ya maabara, moja ya muuzaji, moja yako ya akiba. Kila moja ifungwe kwa lakiri, iandikwe tarehe, namba ya toleo na majina ya waliokuwepo, na muuzaji atie sahihi. Niliwahi kuonyeshwa cheti kizuri chenye maneno "sampuli kama ilivyowasilishwa na mteja". Mteja alikuwa muuzaji mwenyewe, na hakuna aliyejua kilo ile ilichotwa gunia gani.

Ukitaka kupima fosfini, sampuli isiachwe wazi hata kidogo na iwahi maabara, kwa kuwa ni gesi. Na ukikuta vumbi la kijivu au mabaki ya vidonge vya Phostoxin kati ya magunia, usiyaguse kwa mkono mtupu, usiyalowanishe, toka nje na ufungue milango. Vidonge hivyo hutoa gesi vinapokutana na unyevu wa hewa, na chumba cha kulala kilichopakana na ghala linalofukizwa kimewahi kuwa kaburi la familia katika nchi nyingi. Usitegemee harufu, fosfini safi haina harufu, na inayosikika kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza hutokana na uchafu uliochanganyika nayo.

Hatua ya sita: chagua maabara na usome majibu

Kenya ina maabara ya KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, na ile ya KEBS, shirika la viwango. Tanzania ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao yake Ngaramtoni mkoani Arusha, pamoja na Shirika la Viwango, TBS, Dar es Salaam, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula. Zipo pia za binafsi. Swali la kuuliza si kama maabara ina ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, bali kama ithibati hiyo inahusu kipimo unachokitaka kwenye nafaka, kwa sababu ithibati hutolewa kwa kipimo na aina ya sampuli. Omba uone jedwali lake la upeo.

Sasa lipo kosa ambalo hata wanunuzi wazoefu hulifanya. Maabara nyingi hutumia mbinu moja ya pamoja, iitwayo QuEChERS, kupima mamia ya viuatilifu kwa mkupuo. Mbinu hiyo ni nzuri na ya bei nafuu, lakini haiikamati glifosati, kwa kuwa molekuli yake hupenda maji na hukataa kuhamia kwenye kiyeyusho kinachotumika. Fosfini nayo huhitaji njia yake. Cheti kinachosema viuatilifu mia tatu havikuonekana hakijasema lolote kuhusu glifosati mpaka jina lake liwemo kwenye orodha, na likiwemo, ada yake huwa ya peke yake.

Maneno "haikuonekana" yana maana pamoja na kikomo cha kipimo tu. Ikiwa kikomo ni miligramu 0.01 kwa kilo, jibu ni zito. Ikiwa ni 0.5, dawa inaweza kuwepo karibu mara hamsini ya kikomo hicho cha kwanza bila kutajwa.

Kisha linganisha namba na viwango. Viwango vya nafaka vya Afrika Mashariki hurejea kwenye Codex, ambayo huruhusu glifosati hadi miligramu 30 kwa kilo ya ngano, wakati Ulaya huruhusu 10. Kwa pirimifosi-methili, Codex ina 7 kwa nafaka na Ulaya 5 kwa ngano. Kumbuka pia kwamba kila kipimo kina shaka yake. Ulaya huikadiria kuwa asilimia 50, hivyo 8 dhidi ya kikomo cha 7 si ushahidi wa kumfikisha mtu mahakamani, ni sababu ya kupima tena.

Viwango hivyo hupangwa kwa kuangalia matumizi mazuri ya dawa shambani na ghalani, kwa hiyo kuvizidi huonyesha kwanza uzembe. Hatari kwa afya hupimwa kwa kiasi mtu anachoweza kula kila siku maisha yake yote, na hapa hesabu inashangaza. Chukua mtu wa kilo 60 anayekula gramu 300 za unga kwa siku. Unga wenye glifosati miligramu 2 kwa kilo utampa miligramu 0.6, na kikomo cha kila siku cha wataalamu wa FAO na WHO kwa uzito wake ni 60. Kwa kipimo cha Ulaya ni 30. Unga wenye pirimifosi-methili miligramu 1 tu kwa kilo utampa 0.3, na kikomo cha Ulaya kwa uzito wake ni 0.24, ingawa cha FAO na WHO ni 1.8. Ni kweli kwamba shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka glifosati mwaka 2015 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na ubishi huo haujaisha. Hata hivyo, kama fedha zako zinatosha kipimo kimoja, mimi ningeanza na dawa za ghala.

Aina ya unga nayo hubadilisha hesabu. Dawa ya ghala hukaa zaidi kwenye maganda, ndiyo maana Codex huruhusu pirimifosi-methili hadi 15 kwenye pumba za ngano. Unga mweupe hupoteza sehemu kubwa ya dawa hiyo kinuni. Atta hubaki nayo, kama dona inavyobaki nayo kuliko sembe. Pumba zenyewe huishia kwa ng'ombe na kuku, na mfugaji anayezinunua anastahili kuuliza maswali haya haya.

Hatua ya saba: kiwango kikizidi

Simamisha matumizi ya toleo hilo na uliweke mbali na mengine, ukiliandika wazi lisije likatolewa na kibarua asiye na habari. Mpe muuzaji nakala ya majibu kwa maandishi na umpe nafasi ya kupima sampuli yake iliyotiwa lakiri. Majibu yakilingana, peleka taarifa KEBS au TBS, au kwa mamlaka inayosimamia chakula upande wa Zanzibar, ukiambatanisha namba ya toleo, hati za shehena, fomu ya sampuli yenye sahihi na majibu yote mawili. Yasipolingana, sampuli ya tatu, ile ya akiba, ndiyo itakayoamua katika maabara ambayo pande zote mbili zimeikubali. Kwa sababu hiyo ihifadhi mahali pakavu, baridi na giza, ikiwezekana kwenye jokofu la kugandisha, wala usiifungue kwa ajili ya kuonja.